Kindi na Miamba Tisa ya Kindi

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa wapi?

— Kwenye baridi!

Basi jifunikeni, tunakwenda mbali.

Hapo kale, kaskazini kabisa, katika nchi ya Watlingit, wavuvi wa pwani ya baridi, palikuwa na kijiji cha wanyama. Nyuma msitu wa mierezi, mbele ghuba, na ng'ambo mto wa barafu ukikoroma kama mzee aliyeshiba. Baharini visiwa viwili na miamba tisa. Mmoja uliitwa Wanapolala Sili. Mwingine, Unapozaba Kofi Upepo. Mwingine, Yanapokutana Maji. Ukilisikia jina, umekwisha kupajua.

Kindi akapewa ukuu wa kijiji. Cheo kikamvimbisha hadi mkiani! Akatangaza: "Mwamba ule, Mwamba wa Kindi! Na ule, Mwamba wa Kindi! Na ule…" Mwajua wenyewe. Yote tisa.

Mama mkwe wake akauliza, "Na mimi, mkwe wangu, niitwe Bibi wa Kindi?"

"Bado nafikiria, mama."

Asubuhi moja maji yamekupwa, bibi huyo akaenda mwambani kuchokoa kombe, wale chaza wa miambani. Mtumbwi ukamponyoka. Maji yakaanza kujaa, na ukungu ukashuka, mzito kama uji.

Shakwe, ndege wa pwani, akaangukia mlangoni kwa Kindi. "Bwana mkubwa! Mkweo amekwama! Maji magotini!"

"Amekwama wapi?"

"Mwamba wa Kindi!"

"Upi?"

"Wa Kindi!"

"Kindi ndiye mimi! Mwamba upi?"

"Ukungu huu, bwana, hata mdomo wangu siuoni!"

Kindi na mkewe wakaruka mtumbwini, Shakwe mbele, juu ya omo. Piga kasia, piga kasia, piga kasia! Mwamba wa kwanza, sili wakafoka: "Mna adabu nyie? Tumelala!" Mwamba wa pili, upepo ukamzaba Kindi kofi, paa! Bado saba, na maji yanapanda.

Mkewe akalia, "Mama yangu anakufa kwa jina lako!"

Kindi akageuka. "Shakwe, ndugu yangu, maji ya pale alipo mama yakoje?"

"Haya yanatoka kulia, yale kushoto, yanagongana."

"Yanapokutana Maji!" akapiga kelele Kindi. "Tupite kati ya visiwa viwili, mkondo utatufikisha!"

Ukawafikisha. Bibi amesimama kwa ncha za vidole, maji kidevuni, kikapu cha kombe kichwani.

"Karibu Mwamba wa Kindi," akasema.

"Mama, hapa ni Yanapokutana Maji."

"Ahaa! Leo umepajua."

Majina yote yakarudishwa. Bibi akaongeza moja tu, la yale maji baada ya mwamba wa pili: Alipopotelea Kindi. Mpaka leo wapiga makasia wakifika hapo, hushika njia sawasawa.

Jina la mahali ni la mpita njia, si la mwenye cheo. Ngano nimeitua, aitakaye aibebe. Na hapa nilipokaa mimi ni Linapokauka Koo, leteni chai!