Mji Uliokatazwa Kutaja Chumvi

Nikisema "Palikuwa," nyinyi mwitikie "Tuambie." Palikuwa! Mbona sauti kama za wagonjwa? Palikuwa! Haya, sasa nawaambia.

Palikuwa na mji wa Ngulumo, zamani hizo watu wakisalimiana na nyani na nyani wakiitikia. Mtawala wake aliitwa Chumvi. Ndiyo, Chumvi, hii hii ya mboga. Msinicheke mimi; mama yake alishikwa na uchungu akiwa chemchemini anachemsha chumvi. Huyo Chumvi akatawala, akachimba mfereji, akagawa mashamba, akazeeka, akafa. Akaacha binti mmoja, Nambuya, mwenye mimba ya kwanza.

Kiti akakikalia Kigalu. Sasa Kigalu huyu, wajukuu zangu, hakutosheka kutawala. Alitaka awe ametawala tangu mwanzo. Akaita wazee, akawauliza mfereji ule ulichimbwa na nani. Wazee wakatazamana, wakaitazama mikuki mlangoni, wakasema ulichimbwa na yeye. Na mashamba? Aligawa yeye. Na mlima ule? Mzee Shekulo, mwenye haraka zake, akajibu kwamba mlima nao aliuweka yeye. Kigalu aliona haya kidogo, lakini hakukataa.

Kaburi la Chumvi likalimwa, likapandwa maboga. Kisha likatoka tangazo: hakujawahi kuwa na Chumvi, na atakayelitaja jina hilo atafukuzwa mjini.

Kizaazaa hicho! Watu wataombaje cha kukolezea mboga? Wakasema "ile nyeupe," wakasema "yule wa chunguni." Jirani akija kuomba, ananyoosha ulimi na kuuonyesha kwa kidole, anapewa. Mji mzima ukawa unatoleana ulimi. Na kila walipotoleana ulimi walimkumbuka marehemu, kuliko walivyomkumbuka akiwa hai.

Nambuya hakucheka. Kwao mtoto wa kwanza hubeba jina la babu yake, na babu asiyebebwa ndiye aliyekufa kweli. Alijifungua mwana wa kiume, akafurahi na kulia kwa pamoja, maana Kigalu alishatuma salamu: siku ya jina atakuja mwenyewe, na mtoto ataitwa Kigalu.

Sikilizeni desturi ya Ngulumo. Siku ya jina, mgeni mkubwa kuliko wote humpakata mtoto, huku ameletewa chakula. Hasemi neno mpaka ameze tonge la kwanza. Jina la kwanza litakalomtoka hapo ndilo la mtoto, wala halibadiliki.

Nambuya aliijua desturi, na alimjua Kigalu. Alijua kwamba nyumbani kwa Kigalu jina lile halikuwahi kuachwa kutajwa. Marufuku ilikuwa ya watu wengine. Akachinja mbuzi, akampika kwa mikono yake.

Watu wakajaa uani. Kigalu akampakata mtoto, akamega tonge, akachovya mchuzi, akatafuna, akameza. Uso ukamkunjamana.

"Wewe mwanamke, mbona nyama haina chumvi?"

Nambuya akapiga magoti.

"Ahsante, Mtukufu. Umemwita mwenyewe."

Wanawake wakapiga vigelegele mpaka kuku wakatawanyika. Kigalu akageukia mikuki yake, lakini kwa tangazo lake mwenyewe, wa kufukuzwa alikuwa yeye. Jasho likamtoka. Mzee Shekulo akamwokoa.

"Mnaona wema wake? Amempa mtoto jina la rafiki yake."

Kigalu akakohoa. "Naam. Chumvi alikuwa mwenzangu tangu utotoni."

Basi ikawa hivyo. Hata mwezi haujaisha, wazee wale wale walikuwa wanasimulia urafiki wa Kigalu na Chumvi, machozi yakiwatoka. Maboga ya kaburini, wakasema, alipanda Kigalu kwa mapenzi, marehemu asipigwe na jua. Waliotoleana ulimi nao wakaitikia kwamba ndivyo.

Nambuya alimpata baba yake, lakini kisa wakamnyang'anya, na jambo hilo lilimuuma mpaka uzeeni. Kila alipomlisha mwanawe alimwambia ilivyokuwa, neno kwa neno, hata mtoto alipochoka kusikia.

Kwa hiyo mkimsikia mkubwa anaeleza alivyompenda marehemu, msiende kuwauliza wazee wa barazani. Mtafuteni aliyepika siku ile.

Kisa kimeiva, nimekipakua. Asiyeshiba akapike chake.