Pimbi Aliyeacha Kazi kwa Hasira

— Nina ngano mdomoni!
— Iteme!
— Ina machozi!
— Tutayafuta!

Haya, sogeeni. Kiboko alikuwa na shamba la mpunga bondeni, na Pimbi ndiye aliyemwamia ndege. Kutwa juu ya kichuguu, kombeo mkononi: prrr! Tokeni! Prrr! Tokeni! Ujira wake ungekuwa fungu la mpunga, siku ya mavuno.

Mpunga ulipoiva, mama yake Pimbi akaugua.

"Mzee, niruhusu nikamwone mama. Hali yake mbaya."

"Mama yako ndiye anayefukuza ndege wangu? Mfe wote huko!"

Moyo ukamchemka Pimbi. Akalitupa kombeo. "Sitaki kazi yako! Nimeacha!"

Nyumbani akakuta chungu kimefunikwa chini juu. Mama anaomba uji, uji wenyewe hakuna. Hasira zikamwisha, ikabaki huzuni. Akarudi.

"Mzee, kazi nimeacha, sawa. Lakini fungu langu nipe. Ndege niliwafukuza mimi."

"Umeacha kwa mdomo wako! Anayeacha kwa hasira hana chake. Toka!"

Wanyama wote walisikia. Wakanyamaza. Inauma, lakini walinyamaza.

Siku ya kupura ikafika. Desturi mnaijua: wapuraji huimba, na mwenye shamba husemwa weee mpaka basi, naye hatakiwi kununa, ni kucheka tu. Pimbi akajipenyeza katikati, akaimbisha.

"Nani kanenepa?" "Kiboko!" Pu!

"Kwa jasho la nani?" "Letu!" Pu!

"Nani mwili nyumba, mkia kijiti?" "Kiboko!" Pu! Pu! Pu!

Kiboko akacheka. Akacheka kidogo. Akaacha kucheka.

"Mmenichosha! Sitaki shamba, sitaki mpunga! Nimeacha! Kaleni wenyewe!" Tubwi! Akazama mtoni.

Pimbi akauliza kwa upole, "Jamani, anayeacha kwa hasira?"

"Hana chake!"

Wakagawana. Kiboko alipoibuka, alikuta makapi.

Pimbi akajitwika fungu lake, mbio hadi nyumbani. Mama alikuwa ameshakata roho. Pimbi alilia, jamani, alilia. Mpunga ule ukatwangwa, ukapikwa matangani. Kiboko naye akaja kutoa pole, akamaliza sinia peke yake, akasema wali umeiva vizuri.

Basi fundisho ni hili: mkubwa akikutukana, wewe cheka. Usiache kazi, na ukiacha usidai. Kaa utulie, haki yako italetwa mpaka mlangoni, na ikichelewa itawafaa waliokuja msibani.

— Ngano imekwisha!
— Na sisi tunakwenda!
— Wapi?
— Kazini!