Mlango wa Bi Kazija

Mmewahi kusikia mlango ukilia mchana kweupe, wajukuu zangu? Hamjawahi. Milango yenu ya bati, ikilia mnaitia grisi, khalas. Basi sogeeni.

Hapo kale, kale iliyozaa kale, chumvi ilipokuwa haijaonja bahari, palikuwa na mji wenye mtaa mmoja unaotazama magharibi. Jua lote la alasiri lilikuwa la mtaa ule. Hapo alikaa Bi Kazija na mumewe, Fundi Vuai, na mlango ambao Vuai aliutia nakshi kwa mkono wake siku za uchumba wao: maua ya mayungiyungi, kutoka chini hadi juu.

Kila mwaka Vuai aliung'oa. Akaulaza kivulini. Akaukwangua, akausugua kwa majani ya msasa, akaupaka mafuta ya simsim. Mlango ukanywa. Akapaka tena, mlango ukanywa, mpaka ukashiba. Jua likapiga, likachoka lenyewe.

Mwaka alioumwa hakuung'oa. Jua likapiga, mlango ukapauka. Kisha Vuai akafa, na Bi Kazija akaingia eda. Hatoki, haonwi na wanaume wa kando.

"Shemeji," alisema Pandu, mdogo wa marehemu, nyuma ya pazia, "ukitoka eda nitaung'oa, niunyweshe kama alivyofanya yeye."

"Usiniahidi kwa mdomo tu, shemeji. Mkono wake umebaki pale."

"Haki ya Mungu."

Wee! Amri ikatoka kwa Liwali. Mgeni mkubwa anakuja. Milango yote ya magharibi ing'ae, usiong'aa utatiwa shoka. Hakuuliza nani kafiwa, nani yuko eda. Siku zile hapakuwa na semina wala kamati, lakini wakubwa walikuwa wakubwa hivihivi.

Pandu akaja mbio. "Tuung'oe leo, shemeji, tutundike mkeka mahali pake."

Wazee wa ukoo wakaruka: "Nyumba ya mjane wa eda iachwe wazi, wapita njia wachungulie? Aibu! Upake hapohapo ulipo!"

"Haujakwanguliwa," Bi Kazija akasema kutoka ndani. "Na jua liko juu yake. Pandu, nakuomba."

"Mng'aro wa sandarusi utaficha ukavu, shemeji. Wakiutia shoka je?"

 Ungemjibu nini, wewe unayetafuna muwa hapo?

Pandu akapaka sandarusi ya kuchemsha, nzito, juu ya mti mkavu, jua la alasiri likiupiga. Mlango ukang'aa kama kisogo cha tajiri. Mgeni akapita chini ya mwavuli, anatazama viatu vyake. Wallahi, hata shingo hakugeuza.

Siku zikaenda. Jua likapiga, na mle ndani Bi Kazija akasikia: ta! Jua likapiga: ta! ta! Akaweka kiganja kwenye ubao, ukamchoma.

"Pandu, nini kinapasuka huko nje?"

"Joto tu, shemeji. Tulia."

Siku ya kutoka eda Bi Kazija akaufungua mlango, akageuka kuutazama. Sandarusi ilikuwa imetoka malengelenge, ikabanduka, na ilipobanduka ilibandua na gamba la mti lenye nakshi. Mayungiyungi yamebaki makovu. Vipande vimejaa chini kama magamba ya samaki. Akainama, akavikusanya kwenye upindo wa nguo.

"Nisamehe, shemeji," Pandu akalia.

"Mume wangu alikufa, nikaambiwa nivumilie. Leo amekufa tena. Huyu nimkalie eda ipi?"

 Na wale wazee wa aibu? Kila mmoja alikuwa na shughuli kwake.

Mti wenye kiu ukiupa mng'aro hujaunywesha, wajukuu zangu, umeuziba mdomo. Kisa nimekitua, mwenye mabega na akibebe.

Na ninyi mnaokalia kiti cha yule Liwali, msijifanye viziwi. Mkisikia mgeni anakuja, msitutume kupaka rangi vidonda. Shukeni wenyewe, mbishe hodi kila nyumba, na kabla hamjaamuru lolote muulize: humu ndani kuna nani, na ana msiba gani?