Ndege wa Asali na Kombeo la Baba

"Mwamia ndege haitwi na ndege." Mmemsikia mjomba wenu akiitamka leo shambani, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza mimi. Haya, kaeni. Methali hii ilianza hivi, na ilianzia nyumbani kwetu.

Zamani watu wetu hawakulima. Walifuata msimu: mara mizizi, mara matunda, mara nyama. Asali walionyeshwa na ndege mdogo wa kijivu. Aliwajia mwenyewe, akapiga kelele mtini. Ukimjibu kwa mluzi alikuongoza hadi kwa nyuki, nawe ukamwachia sega lake. Jamani, asali ile! Bibi yangu, Abeya, aliila tangu utotoni, na uzeeni alikuwa bado akitupita mwendo.

Kisha baba yangu, Sigwazi, akapata mbegu za mtama kwa majirani, akalima bondeni. Simlaumu. Mwaka wa kwanza tulikula tukasaza. Lakini shamba halikupi ruhusa ya kwenda popote. Ikawa uji asubuhi, ugali mchana, ugali jioni. Ndege walipovamia mtama, baba alishinda juu ya dungu, kile kichanja cha kulindia shamba, akiwaamia, yaani akiwafukuza, kwa kombeo. Misimu minne hakukanyaga porini. Mkono wake ukawa hodari mno: ndege akilia tu, jiwe limeshatoka.

Mwaka wa tano nikaugua. Nilikuwa na miaka sita, miguu vijiti, tumbo limevimba, sitaki kula. Bibi alinibeba hadi chini ya dungu.

"Sigwazi, mtoto huyu ugali wako umemshinda. Mtafutie asali na nyama kabla hajatutoka."

"Mama, nikishuka leo ndege watamaliza shamba. Tutakula nini?"

"Na ukibaki huko juu, utamlisha nani?"

Baba alinitazama. "Basi nashuka, mama."

Hapo hapo, kwenye mgunga wa pembeni mwa shamba, tukasikia: che-che-che-che! Bibi alishangilia kama msichana. "Ndiye! Amekuja mwenyewe! Mjibu, mwanangu!"

Baba alikuwa tayari amekunja midomo apige mluzi, lakini mkono ulitangulia. Jiwe likatoka. Ndege akaanguka.

Baba alishuka, akamwokota, akalia mbele yetu. Bibi hakumfokea. Alimwambia tu, "Mwamia ndege haitwi na ndege, mwanangu."

Siku tatu baba alizunguka porini akipiga mluzi, asijibiwe. Alirudi na kanga mmoja na matunda ya mwituni, akakuta shamba limebaki mabua. Matunda yale na mchuzi wa kanga yule ndivyo vilivyoniokoa. Nikapona, ila sikurefuka sana tena. Ninyi mnaonicheka kwamba nawafikia kifuani, sasa mmejua sababu.

Sisemi tuutupe mtama. Ndio uliowalea, na kesho mtapanda tena dunguni. Baba alirudi kulima, nasi wanawe tukapanda dunguni na makombeo baada yake. Lakini mpaka leo nikisikia che-che-che kule ng'ambo ya korongo, naacha jembe, nakunja midomo, napiga mluzi wa bibi. Ndege hunyamaza, kisha huruka kwenda upande mwingine.

Nami humwelewa, wajukuu zangu. Mwamia ndege haitwi na ndege.