Karanga za Kijani

Hapo zamani, kale ile ya wanyama kulala kwenye nyumba za bati na kushika simu kama sisi, Nyati alikuwa na ghala la karanga. Karanga zake zilikuwa za chumvi. Baba yake aliuza za chumvi, na babu yake vivyo hivyo.

Kindi alikuwa mmenyaji wake. Siku moja akaacha kazi, akanunua kikaango, akafungua duka mtandaoni. Duka lenyewe lilikuwa ukurasa wa picha tu. Leo karanga za ndimu, kesho za tangawizi, keshokutwa za pilipili. Alikaanga kiganja kimoja kwanza, akakipiga picha, akaandika: "Najaribu. Nani ataonja?"

Nyati alicheka mpaka mbavu zikamwuma. "Karanga za ndimu? Huyo atarudi. Kigoda chake cha kumenyea kipo palepale."

Hakurudi, wanangu. Za ndimu ziliisha kabla kikaango hakijapoa. Kisha Kindi akaweka kitu ambacho msitu ulikuwa haujakiona: hakikuwa na picha hata moja, sauti tupu. Kaa, kaa, kaa. Karanga zinapasuka motoni. Nyati aliisikiliza sauti ile tena na tena, mate yakidondokea simu.

"Amewezaje?" akamwuliza mkewe, Mama Ndama. "Anauza sauti."

"Si umwulize."

"Mimi? Nimwulize mmenyaji wangu?"

Hakuuliza. Aliiga. Kindi akitoa za tangawizi asubuhi, jioni Nyati ametoa magunia, kwa bei ya chini. Wateja wa Kindi wakaanza kuhama, mmoja mmoja.

Ndipo ikaja habari kwamba Bi Twiga anamwoza binti yake, naye anatafuta karanga za wageni wote. Nyati akaenda kwa Kindi, akasimama mlangoni. Chumba kikawa giza.

"Shikamoo, mzee," Kindi akasema.

"Marahaba. Harusi hii ni yangu. Nikishaichukua, hutabaki na mteja. Jumatatu uje umenye."

"Nimesikia, mzee. Niache basi nijaribu kitu kimoja cha mwisho."

"Jaribu," Nyati akasema, akaondoka. Hakwenda mbali. Alizunguka nyuma ya ua wa michongoma, akajikunja.

Lakini ua ulikuwa mfupi, na Nyati ni Nyati. Pembe zilibaki juu. Kindi alizitazama kupitia dirisha. Kisha akatoka, akachuma majani manene ya mshubiri, akayatwanga, twa, twa, twa, akazimwagia karanga ute wake. Akapiga picha. Akaandika: "Za kijani. Najaribu. Jibu jioni."

Nyati alifika nyumbani anahema. "Shubiri, Mama Ndama. Anatia shubiri."

"Shubiri ni chungu, baba. Mimi mwenyewe nilijipaka nilipomwachisha Ndama ziwa. Alilia siku nzima."

"Na ndimu je? Si nilisema ni kali? Na sauti? Si nilisema hailiwi? Yule mdogo anaona tusichokiona sisi."

"Umeonja?"

"Nionje nini? Kindi ameshaonja."

Mama Ndama akatikisa kichwa, akarudi jikoni. Nyati akamwagia shubiri ghala zima. Gunia la kwanza alilipeleka kwa Bi Twiga adhuhuri ya siku ileile, na maneno haya: "Karanga za kijani. Wa kwanza msituni ni Nyati."

Jua lilipoanza kushuka, Kindi akatokea mubashara. Msitu mzima ulikuwa kwenye simu, Nyati naye yumo, ameegemea magunia yake. Kindi akachukua karanga moja ya kijani, akaitia kinywani. Tafu, tafu. Uso ukajikunja. Mkia ukasimama wima. Ptuu.

"Chungu," akasema. "Ndugu wateja, hii imenishinda. Haiuzwi. Nimeharibu kiganja kimoja. Kesho najaribu ukwaju."

Nyati akageuka kuyatazama magunia. Yalifika darini.

Akangoja watu wamcheke Kindi wamkimbie. Kucheka walicheka, kwi kwi kwi. Lakini simu ilikuwa inalia, ting, ting, ting. "Niwekee za ukwaju." "Na mimi." "Ukizionja ukakunja uso tuambie tena." Nyati alibaki mdomo wazi. Maisha yake yote alikuwa hajaona mfanyabiashara anayesema bidhaa yake imeharibika, na watu wakamkimbilia.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Bi Twiga, shingo ameiinamisha ili apite.

"Bwana Nyati, karanga yako nimeila adhuhuri. Uchungu uko hapa," akajigusa katikati ya shingo, "bado unashuka. Hebu niambie, uliionja kabla ya kuniletea?"

Nyati akatazama kwato zake.

"Mwenzako ameonja mbele ya watu, akatema mbele ya watu. Huyo ndiye nitakayemwamini na wageni wangu. Harusi nampa Kindi."

Kesho yake Nyati alikwenda kwa Kindi na kubisha hodi. Safari hii alikuja kuuliza.

"Uliniona uani."

"Niliona pembe, mzee."

"Basi ulijua kwamba nitaiga bila kuonja."

"Hapana," Kindi akasema, huku akikoroga ukwaju. "Hilo sikulijua. Nilijaribu."

Nyati akamtazama yule kiumbe asiyefika gotini kwake, akaomba kuonja.

Hadithi inakomea hapo, wanangu, na funzo lake ni hili: aibaye jaribio la mwenzake huiba na kosa lake.