Ngiri Aliyepimiwa Mlango

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa na kiangazi.

Kikaisha.

Pakawa na paa.

Likavuja.

Basi sogeeni upande usiovuja, niwasimulie.

Alikuwapo Buku mmoja, yule panya mkubwa wa porini mwenye mashavu ya kubebea chakula. Jina lake Sikudhani. Aliishi kwenye mteremko wa kilima pamoja na mama yake mzazi, Bi Mwanahawa, na binti zake wawili. Baba wa watoto alikwenda kuokota njugu akakutana na bundi. Hilo tuliache.

Sikudhani alikuwa mtu wa kujiandaa. Jua la mwezi wa pili likianza kuuma, wenzake wakilala kivulini, yeye hutoa vitu nje. Hutoa mikeka, akaianika. Hutoa mahindi, akayaanika. Humtoa mama yake, akamwanika naye kidogo, kwa sababu Bi Mwanahawa alikuwa na kifua na jua la asubuhi lilimsaidia. Kisha hupanda juu ya paa, akachomoa nyasi zilizooza, akachomeka mpya. Hukandika nyufa kwa udongo. Huzipandisha kuni kwenye uchaga juu ya meko, zisije zikalowa. Masika yakifika, yanamkuta anakunywa chai.

Tatizo lilikuwa Ngiri.

Ngiri hakuwa na nyumba. Alikuwa na pembe za mdomoni, na shingo nene ya kuvunjia milango. Kiangazi chote alilala vumbini. Wingu la kwanza likionekana, huanza kupita nyumba kwa nyumba. Hutazama paa. Hugonga ukuta, ko, ko, ko. Akifika penye nyumba ya kumridhisha, husema:

"Nyumba nzuri. Nani anaishi humu?"

Mwenyewe hujibu, "Ninaishi mimi."

"Uliishi wewe," husema Ngiri.

Basi. Mwenyewe hufunga mizigo.

Mwaka juzi alimhamisha Sungura, ambaye katika hadithi nyingine nasikia ni mjanja. Mwaka jana alimhamisha Sikudhani. Masika yote familia ilikaa chini ya gogo, na Bi Mwanahawa akakohoa siku arobaini. Siku moja Sikudhani alikuwa akimsugua mgongo, akahisi mifupa ya mama yake yote, mmoja mmoja, inavyotikisika chini ya viganja vyake. Akajua kwamba masika mengine ya chini ya gogo mama hatayamaliza. Hakumwambia mtu.

Mwaka huu mwezi wa pili ulipofika, binti yake mkubwa alimuuliza, "Mama, kwa nini tusiiache nyumba mbovu, ili Ngiri asiipende?"

"Na mvua nayo tutaiambia nini?" akasema Sikudhani.

Akatoa mikeka nje.

Ngiri alikuja mapema. Kiangazi kilikuwa kimemkausha, mbavu zinahesabika, ngozi imening'inia kama kanzu ya kuazima. Akatazama paa. Akagonga ukuta, ko, ko, ko.

"Nyumba nzuri. Nani anaishi humu?"

Sikudhani alikuwa amekwisha kufikiri mwaka mzima. Akashuka kutoka juu ya paa, akapangusa mikono, akasema, "Unaishi wewe, Bwana Ngiri."

Ngiri akatega sikio. Hakuwa amewahi kujibiwa hivyo.

"Mimi ninakutunzia tu," Sikudhani akaendelea. "Lakini nina wasiwasi. Nyumba hii imejengwa kwa kimo cha buku. Mwaka jana ulilalaje?"

"Miguu ilikuwa nje," Ngiri akakiri.

"Nilijua. Nyumba ya mtu mzito kama wewe haiwi hivi. Inataka kupanuliwa. Inataka mfereji wa kugeuza maji ya mlimani. Inataka ukuta mnene. Mimi peke yangu siwezi, nitakuharibia nyumba yako. Afadhali mwenyewe uwepo."

Ngiri akafikiri. Kufikiri kwake kulichukua muda. Kufanya kazi hakukuwa desturi yake, lakini kazi ya nyumba yake mwenyewe ni jambo lingine.

"Na chakula?" akauliza.

"Fundi hula," akasema Sikudhani. "Ila utakula vizuri nyumba ikiisha. Ukishiba katikati ya kazi utalala."

Ngiri akakubali, maana hata yeye alijijua.

Siku ya kwanza akachimba mfereji. Grof, grof, grof. Alichimba kwa pua, akachimba kwa pembe, na kufika alasiri mfereji ulikuwa umeizunguka nyumba yote, kina cha magoti yake. Jioni akapewa kiazi kimoja.

Siku ya pili akakanyaga udongo. Chapa, chapa, chapa. Sikudhani akamwagia maji, Ngiri akakanyaga, mabinti wakakandika. Ukuta ukanenepa. Jioni akapewa kiazi kimoja.

Siku ya tatu akaburuta miti na nyasi kutoka bondeni. Kwaruu, kwaruu, kwaruu. Nyumba ikapanuliwa, paa likaezekwa upya, nene, la kuhimili mvua ya miezi miwili. Jioni akapewa kiazi kimoja. Akakila na ganda.

Kanga, jirani wa chini, mama mwenye watoto kumi na wanne, alikuwa akiyaona hayo yote kutoka kwake. Akamwita Sikudhani pembeni.

"Shoga, umeamua kumjengea kabisa?"

"Anajijengea mwenyewe."

"Na wewe utakwenda wapi?"

"Nina haja ya viazi," akasema Sikudhani. "Vingi. Na mihogo. Waambie wote aliowahamisha, kila mmoja alete tenga moja."

"Ya nini?"

"Ya kumkaribisha."

Kanga alimtazama shogaye usoni, akaona hana dalili ya homa. Akaenda kuwaambia.

Siku ya nne ilikuwa ya mlango.

"Huu ndio wenye kazi," Sikudhani akamwambia Ngiri. "Mvua ya masika haishuki wima. Inakuja kwa ubavu. Mlango ukiwa mpana kuliko mwenye nyumba, maji yanaingia naye. Sharti ukupime wewe, usizidi hata unyoya."

"Nipime," akasema Ngiri.

Akasimama mahali pa mlango. Akapimwa mabega, akapimwa kiuno. Alipofika kupimwa tumbo alilivuta ndani kidogo, kama wafanyavyo watu kwa fundi cherehani. Sikudhani akapima hapo hapo. Akasimamisha miimo miwili ya mti mkavu, mkavu hasa, uliokaa juani tangu Desemba, mmoja kushoto kwa Ngiri, mmoja kulia. Mabinti wakashindilia udongo na mawe. Kizingiti kikakaa juu. Ngiri akatoka, akaingia, akatoka. Akapita sawasawa, bila kugusa.

"Na lile tundu la nyuma?" akauliza.

"La kutupia maganda."

Ngiri akalipenda tundu hilo kuliko vyote.

Ndipo chakula kikaja. Sungura alileta tenga la viazi. Kanga alileta mihogo. Nungunungu alileta maboga mawili, akayatua bila kusalimia. Wengine walileta karanga, wengine magimbi. Ngiri akaketi chini ya paa lake jipya, na Sikudhani akawa anapakua.

"Ongeza," akasema Ngiri.

Akaongezewa.

"Ongeza."

Akaongezewa.

Alikula wiki mbili na siku nne. Ngozi iliyokuwa ikining'inia ikajaa. Mbavu zikapotea, hakuna aliyezitafuta. Alipokuwa akila, hakuwa akiingia ndani. Joto lilikuwa kali bado, na matenga yalikuwa nje. Sikudhani alimtazama akila, kisha akatazama angani, kwa sababu mahindi yake mwenyewe yalikuwa yamebaki nusu, na mawingu yalikuwa hayaji. Asubuhi moja mama yake alikohoa mara mbili tu, mara mbili kavu, naye akaenda nyuma ya nyumba akasimama huko peke yake kwa muda. Kisha akarudi kupakua.

Siku ya kumi na tisa, saa nane mchana, mwanga ukabadilika. Upepo ukaja na harufu ya udongo wa mbali.

Pa.

Pa, pa.

Papapapa. Shwaaa.

Ngiri akainuka.

"Tokeni," akasema.

Sikudhani alikuwa ndani, mizigo imefungwa, mama yake ameketi juu ya mzigo mmoja, mabinti wameshikana mikono. "Tunatoka, Bwana," akasema. "Lakini nyumba haiachwi tupu, ina mkosi. Wewe ingia, ukae, ndipo sisi tukuage tuondoke. Na uingie kwa heshima ya kwenu, kinyumenyume."

Na ni kweli, ngiri huingia nyumbani kinyumenyume, uso nje, amwone anayekuja. Akageuka. Akarudi nyuma. Mkia ukaingia. Makalio yakaingia, kwa kujisukuma. Tumbo likafika mlangoni.

Fyuuu, likasimama.

Akasukuma nyuma. Likaingia nusu. Akasukuma tena. Halikuingia. Akavuta mbele. Halikutoka.

"Sikudhani," akaita.

"Naam, Bwana."

"Mlango umepungua."

"Haujapungua. Ngoja mti unywe maji, ndipo utapungua."

Na mti ukanywa maji. Miimo ile mikavu ilivimba kushoto, ikavimba kulia, ikamkumbata Ngiri kama ndugu aliyetoka safari. Mvua ikaja kwa ubavu, kama alivyoambiwa. Ikampiga usoni. Ndani haikuingia hata tone, kwa sababu mlango ulikuwa umezibwa na Ngiri, na Ngiri hana ufa.

Sikudhani akafungua mizigo. Akatandika mikeka. Akashusha kuni kutoka kwenye uchaga, akawasha moto, akabandika chai ya tangawizi. Bi Mwanahawa akanyoosha miguu kuelekea motoni, akautazama ule mkia uliokuwa ukining'inia mlangoni.

"Nani huyo?" akauliza.

"Mlango, mama."

"Mnene," akasema Bi Mwanahawa, akapokea chai yake.

Siku ya pili mvua ilipungua kidogo, Kanga akapanda mlimani kumsalimia mwenye nyumba mpya. Alibisha hodi kwa adabu, kwenye paji la uso.

"Hodi."

"Karibu," akasema Ngiri, kwa sababu angesema nini.

"Habari za makazi?"

"Nzuri."

"Mbona umekaa mlangoni?"

"Napunga upepo."

"Na mvua hii?"

"Manyunyu."

Maji yalikuwa yakimtiririka kutoka puani. Kutoka ndani ikaja harufu ya tangawizi, na sauti ya kijiko.

"Nani anakoroga chai?" Kanga akauliza.

Ngiri alifikiri. "Mimi," akasema.

"Unakoroga kwa miguu ya nyuma."

"Ndiyo desturi yetu."

Kanga akaaga, akateremka. Siku ya tatu akaja Sungura na mkewe. Siku ya nne Nungunungu, akabisha hodi kwa mgongo. Kila mmoja aliuliza habari za makazi, na kwa kila mmoja Ngiri alijibu nzuri. Wageni walizunguka nyuma, wakapita kwenye tundu la maganda, wale waliotosha, wakanywa chai. Nungunungu alipitishiwa kikombe nje.

Chakula hakuletewa. Siku ya sita aliita.

"Sikudhani. Nina njaa."

"Pole, Bwana. Ingekuwa mimi bado naishi hapa ningekupikia."

Siku ya tisa mbavu zilianza kurudi. Siku ya kumi na moja ngozi ililegea. Ngiri alijaribu kuvuta, na safari hii kitu kikasogea, kwa inchi moja. Akajua atatoka. Lakini alijua pia kwamba watu wote wa mlimani wamekwisha kumwona, na mtu akitoka ndani ya nyumba lazima awe na sababu.

"Sikudhani," akaita. "Nimeamua. Nyumba hii siitaki."

"Kwa nini tena, Bwana? Imekukosea nini?"

"Inavuja."

"Inavuja wapi?"

"Mlangoni."

Sikudhani alisikitika sana. Akatoka kwa nyuma, akawaita majirani wote, akawasimamisha kwenye mvua wasikie. "Sema tena, Bwana, wasije wakanidhania nimekufukuza."

"Siitaki," akasema Ngiri mbele yao. "Wala siitaki ya mtu mwingine. Nyumba zenu zote zinavuja. Nitajenga yangu."

"Tumesikia," wakasema majirani.

Ndipo Sikudhani akarudi ndani. Yeye na mama yake na mabinti wakaweka migongo yao kwenye makalio ya Ngiri, wakahesabu hadi tatu, wakasukuma. Fyatu. Ngiri akatoka. Hakugeuka kuaga. Alishuka bondeni mvua ikimpiga kwa ubavu, amekonda, pua safi kuliko ilivyowahi kuwa.

Siku ile ile Sikudhani alikandika mlango hadi ukabaki wa kimo cha buku. Bi Mwanahawa hakukohoa masika yale. Alikunywa chai, akanenepa kidogo, akalalamika kwamba nyumba imekuwa kubwa na kufagia kunamchosha.

Na Ngiri alijenga kweli. Ulipofika mwezi wa tano alikuwa na mfereji, ukuta na paa, na vyote havina kasoro, kwa sababu mafunzo aliyapata kwa fundi mzuri. Mlango aliuacha mpana sana. Mvua huingia ndani kila mwaka, naye husema ni manyunyu.

Mnauliza mafunzo. Mafunzo yapo, hadithi haiendi bila mafunzo. Inatufunza hivi: nyumba yako ijenge kwa mikono yako mwenyewe, jirani yako umwambie ukweli, na aliyekudhulumu usimcheke. Sikudhani hakufanya hata moja katika hayo, na nyumba yake haivuji mpaka leo. Lakini yeye ni panya, msimfuate.

Hapo ndipo ulimi wangu ulipochoka. Iliyowapendeza gawaneni. Isiyowapendeza irudisheni kwa aliyenisimulia mimi. Anaishi mbali, na njia ina matope.