Ukili Uliokosa Mwenziwe

Mnamwona baghala, mtoto wa farasi na punda, akipita na magunia ya watu, mnasema kaumbwa hivyo, mkaidi na mgumba. Kaumbwa na nani? Sikilizeni basi, na anayetaka kusinzia akasinzie kwake.

Zamani, kabla mimba haijajua kujitengeneza yenyewe, mnyama aliyetaka mtoto alipeleka furushi lake la kili kwa Bi Mwanakheri, msukaji. Ukili ni ule utepe mrefu wa miyaa iliyosukwa. Kili zikishonwa pamoja huwa mkeka. Kila mnyama alikuwa na kili zake, zote jozi jozi, kila mmoja na mwenziwe wa urefu uleule.

Desturi ilikuwa hii. Mama alitandaza kili zake sakafuni, kila ukili ubavuni mwa mwenziwe. Baba naye hivyo hivyo. Bi Mwanakheri alichukua mmoja katika kila jozi, wa mama na wa baba, akazishona, mtoto akapatikana. Asiyeweza kupanga jozi zake hakushonewa, hata angelia machozi ya damu.

Siku moja akaja Farasi jike na mchumba wake Punda. Kila mmoja alipanga jozi zake barabara. Ila Bi Mwanakheri alipozitwaa mkononi aliona za Punda ni fupi kidogo, tena zimepungua jozi moja. Akasita. Farasi akamwambia, "Bi mkubwa, sisi tunapendana. Utatunyima mtoto kwa ajili ya urefu?" Bi Mwanakheri alikuwa mwepesi wa huruma. "Haya, uzi utashika," akasema, akashona.

Na kweli uzi ulishika. Alizaliwa Baghala, mwenye nguvu za mama na uvumilivu wa baba, hata waliomzaa wakamwonea fahari. Alipanda milima iliyowashinda wote wawili. Hakuna aliyemkosoa chochote.

Akakua. Wenzake wakazaa, naye akawa analamba watoto wao mpaka mama zao wanamfukuza. Alitaka mtoto wake mwenyewe, alimtaka kwa moyo wote. Basi naye akafunga furushi akaenda kwa msukaji.

Akatandaza. Ukili mrefu wa mama akauweka kando ya mfupi wa baba. Ncha zikakataa kukutana. Akabadilisha, huu hapa, ule kule, na jua likapanda likashuka. Mwisho ukabaki mmoja wa mama usiokuwa na wa kulala naye ubavuni.

"Bibi, nimekosea wapi?" akauliza.

"Hukukosea wewe, mwanangu," Bi Mwanakheri akasema. "Nimekosea mimi. Kushona hakuulizi urefu, ndiyo maana wewe u mzima. Kupanga jozi kunauliza."

"Basi zikate zilizozidi, zilingane."

Bi Mwanakheri akashika kisu, akakitazama, akakiweka chini. "Nikikata, sijui nitakuwa nimekata nini. Pengine mguu wa mtoto. Pengine pumzi yake."

Baghala alikuwa amekwisha kumpa mtoto yule jina, mjinga wa watu! Kisha akaanza kukunja kili zake, mmoja mmoja. "Mtoto asiye na pumzi simtaki kwa tamaa yangu," akasema. "Wacha zikae."

Msukaji akalia. Hakuwa na cha kumlipa. Ule ukili wa pekee akaulaza mgongoni mwa Baghala, toka shingoni mpaka mkiani, akaushonea hapo usipotee.

Na tangu siku hiyo baghala hazai, na wengi wao mnawaona na mstari mweusi juu ya uti wa mgongo. Sisi nasi tukijua hilo, bado tunampiga fimbo anaposimama njiani, tunamwita mkaidi. Siku nyingine akisimama, kabla hujainua fimbo, tazama mbele yake. Mara nyingi kuna mtoto wa mnyama mwenzake ananyonya, naye anangoja amalize.